Anayesahau Dawa Huenda Si Mzembe: Virusi, Ubongo na Upotevu wa Kumbukumbu

Katika kliniki za tiba na matunzo ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, yaani VVU, swali moja huulizwa kila siku: "Mbona vidonge vimebaki?" Mhudumu amehesabu, ametazama tarehe, ameona kwamba vidonge vilivyopaswa kwisha bado vimo ndani ya kopo. Mara nyingi mgonjwa huinamisha kichwa na kujibu, "Nilisahau." Katika faili huandikwa kwamba ufuasi wa dawa ni hafifu, mgonjwa hupewa nasaha, pengine kwa ukali, kisha hurudishwa nyumbani na vidonge vingine vya kusahau.

Makala haya yanahusu neno hilo, "nilisahau". Kwa baadhi ya wagonjwa neno hilo ni kweli tupu, tena ni dalili ya ugonjwa wenyewe. VVU, pamoja na virusi vingine kadhaa, huweza kuudhuru ubongo na kuleta upungufu wa kumbukumbu, wa umakini na wa wepesi wa kufikiri unaofanana na ule unaoonekana kwa baadhi ya wazee. Sehemu ya upungufu huo huzuilika, na sehemu nyingine hurudi nyuma kwa tiba ambayo tayari ipo katika vituo vyetu. Lakini ugonjwa usiotambuliwa hautibiwi, na usahaulifu ni miongoni mwa dalili zinazopuuzwa kwa urahisi zaidi kuliko zote.

Demensia ni nini?

Demensia si ugonjwa mmoja. Ni jina la hali ambayo uwezo wa akili uliokwisha kukomaa hupungua kiasi cha kumzuia mtu kutenda shughuli zake za kila siku: kukumbuka, kupanga mambo, kuhesabu fedha, kutafuta maneno, kutambua njia ya kwenda nyumbani. Sababu iliyo kubwa kuliko zote duniani ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao huharibu seli za ubongo polepole kwa miaka mingi. Sababu nyingine ni madhara ya kiharusi na ya mishipa midogo ya damu ya ubongo iliyochakazwa na shinikizo la juu la damu au kisukari.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na demensia, na zaidi ya asilimia 60 kati yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwetu Tanzania, uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulikadiria kwamba asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na demensia. Maana yake ni kwamba wazee walio wengi, hata waliovuka umri huo, hawana hali hii. Uzee hupunguza kasi ya akili, lakini hauifuti akili. Mzee anayechelewa kukumbuka jina la mjukuu, kisha akalikumbuka, hana ugonjwa kwa sababu hiyo peke yake. Mzee anayepotea katika njia aliyoipita kwa miaka arobaini anahitaji kuchunguzwa, na kumwambia jamaa yake kwamba "huo ni uzee tu" ni kuufunga mlango wa tiba kabla haujafunguliwa.

Jinsi VVU vinavyoingia katika ubongo

Ubongo una ulinzi wake. Kuta za mishipa midogo ya damu inayoulisha zimeshikana mno, hata vitu vingi vilivyomo katika damu haviwezi kupenya. VVU hupita kwa hila: huingia vikiwa vimebebwa ndani ya chembechembe nyeupe za damu, ambazo zina ruhusa ya kupita ili kuulinda ubongo. Hivyo mlinzi mwenyewe ndiye anayembeba adui. Jambo hili hutokea mapema sana, ndani ya wiki chache za kwanza tangu mtu kuambukizwa, wakati ambapo yeye mwenyewe huenda bado hajui.

Vikishaingia, virusi hivi havizishambulii moja kwa moja seli za neva, ambazo ndizo zinazofikiri na kukumbuka. Huambukiza seli za ulinzi zilizomo katika ubongo, hasa zile ziitwazo makrofaji na mikroglia. Seli hizo zikishaambukizwa hutoa kemikali za mapambano bila kukoma, na kemikali hizo, pamoja na protini za virusi vyenyewe, huzisumbua seli za neva na kuikata minyororo ya mawasiliano baina yao. Ni mfano wa moto wa pumba za mpunga: hauna miali mikubwa, lakini hufuka chini kwa chini, na kinachoungua hakionekani mpaka baadaye.

Madhara haya yalielezwa kwa kina mwaka 1986, miaka mitano tu baada ya UKIMWI kutambuliwa, wakati madaktari wa neva Bradford Navia, Barry Jordan na Richard Price walipochapisha taarifa za wagonjwa waliowachunguza mjini New York. Wagonjwa hao walikuwa watu wazima, wengi wao si wazee, lakini fikra zao zilikuwa zimekuwa nzito, miguu yao haina nguvu, na hamu ya mambo imewatoka. Kabla ya kuwapo dawa za kufubaza VVU, demensia ya namna hii ilikuwa ya kawaida kwa wagonjwa waliofikia hatua za mwisho za UKIMWI.

Dawa zimebadili picha hiyo kwa kiasi kikubwa, ingawa hazijaifuta. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa watu wazima 1,555 wanaoishi na VVU, wengi wao wakiwa kwenye dawa. Waliokuwa na demensia kamili walikuwa takriban asilimia 2 tu. Hata hivyo, karibu nusu ya wote walipata alama za chini kuliko ilivyotarajiwa katika vipimo vya kumbukumbu, umakini na kasi ya kufikiri. Wataalamu wametahadharisha tangu wakati huo kwamba alama za chini peke yake si ugonjwa, kwa kuwa elimu ndogo, umaskini, sonona na uchovu navyo hushusha alama. Tahadhari hiyo ni ya haki. Lakini mgonjwa mwenye alama za chini ambaye pia maisha yake ya kila siku yameanza kumponyoka, huyo hapaswi kuachwa.

Karibu zaidi na sisi, katika kliniki moja ya VVU mjini Kampala, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 uliwakuta wagonjwa 24 kati ya 78, yaani asilimia 31, wakiwa na demensia iliyohusishwa na VVU. Waliokuwa katika hatari zaidi ni wenye umri mkubwa na wale ambao seli zao za kinga za CD4 zilikuwa zimeshuka. Funzo la takwimu hiyo ni kwamba kadiri tiba inavyochelewa, ndivyo ubongo unavyolipa.

Dalili zake na namna zinavyotofautiana na za Alzheimer

Ugonjwa wa Alzheimer kwa kawaida huanza na kusahau mambo ya karibuni: mzee husimulia kisa kile kile mara tatu kwa saa moja, wala hajui kwamba amekwisha kukisimulia. Upungufu unaotokana na VVU huanza kwa namna nyingine. Alama yake kuu ni uzito. Mgonjwa hujibu, lakini baada ya kukawia. Hufuata mazungumzo ya mtu mmoja, ila watu watatu wakizungumza kwa pamoja hupoteza mkondo. Fundi cherehani hukata kitambaa vizuri kama zamani, lakini kazi ya siku moja humchukua siku tatu. Mama lishe hushindwa kukumbuka nani ameagiza nini, na chenji humchanganya. Mikono hupoteza wepesi, mwandiko huharibika, miguu hujikwaa.

Pamoja na hayo huja mabadiliko ya tabia. Mtu aliyekuwa mchangamfu hunyamaza, huacha kwenda misibani na harusini, hajali tena usafi wake, au hukasirika kwa jambo dogo. Familia hudhani amekuwa na kiburi. Wengine husema amerogwa. Wengine huona ni majuto ya kuwa na VVU. Kwa kuwa dalili hizi huja polepole, na hupanda na kushuka, mara nyingi mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kuzitambua.

Kusahau huzaa kusahau

Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Dawa za kufubaza VVU zinahitaji kumezwa kila siku, kwa wakati, kwa maisha yote. Kazi hiyo inahitaji kumbukumbu, mpangilio na utashi, na hivyo ndivyo vitu ambavyo ugonjwa huu huviondoa. Mgonjwa akianza kusahau, dozi hupungua. Dozi ikipungua, virusi huongezeka katika damu na katika ubongo. Virusi vikiongezeka, moto ule wa chini kwa chini huwaka zaidi, na mgonjwa husahau zaidi. Wakati huo huo virusi hupata nafasi ya kujenga usugu dhidi ya dawa.

Mhudumu asiyeujua mzunguko huu huona matokeo yake tu: wingi wa virusi umepanda, vidonge vimebaki, mgonjwa hana maelezo. Basi humkaripia. Karipio halimrudishii mtu kumbukumbu, humfundisha kuficha. Safari ijayo mgonjwa atavitupa vidonge vilivyobaki kabla ya kuja kliniki, ili hesabu itimie, na tutakuwa tumepoteza hata ile dalili ndogo tuliyokuwa nayo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi tusiwe sababu ya mtu kuficha.

Kwa hiyo, neno "nilisahau" linapojirudia, lichukuliwe kama vile tunavyolichukua neno "nakohoa". Hakuna mhudumu anayemlaumu mgonjwa kwa kukohoa. Huuliza ni tangu lini, kisha hupima.

Kupima akili bila kalamu

Vipimo vingi vya akili vilitungwa kwa watu waliosoma shuleni. Humtaka mtu achore saa, aandike sentensi au atoe saba kutoka mia moja mara kwa mara. Bibi ambaye hakupata kushika kalamu atashindwa kipimo hicho hata kama akili yake ni timamu. Kwa sababu hiyo, baadhi ya vipimo vinavyotufaa vimefanyiwa kazi hapa Afrika Mashariki.

Kimojawapo ni kipimo cha kimataifa cha demensia ya VVU, kilichochapishwa mwaka 2005 baada ya kujaribiwa Baltimore nchini Marekani na Kampala nchini Uganda. Hakihitaji kusoma wala kuandika, na huchukua dakika chache. Mhudumu humtajia mgonjwa maneno manne, mbwa, kofia, haragwe na nyekundu, na kumwomba ayarudie. Kisha mgonjwa hugonganisha kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono asioutumia zaidi, kwa upana na kwa haraka awezavyo, kwa sekunde 5. Halafu hurudia kwa sekunde 10 mpangilio wa vitendo vitatu juu ya meza: ngumi, kiganja kilicholala, mkono uliosimama kwa ubavu. Mwisho huombwa ayakumbuke yale maneno manne. Kila sehemu ina alama 4, jumla 12. Mwenye alama 10 au pungufu anahitaji uchunguzi zaidi.

Mipaka ya kipimo hiki ijulikane. Katika utafiti wa awali kiliwatambua takriban asilimia 80 ya wenye demensia, lakini pia kiliwashuku watu wengi wasiokuwa nayo. Ni ungo wa kuchekecha tu, hakitoi hukumu. Hakuna mgonjwa anayepaswa kuambiwa ana demensia kwa sababu ya alama hizo peke yake.

Kwa wazee kwa jumla, watafiti waliofanya kazi wilayani Hai walitunga kipimo kiitwacho IDEA, kinachouliza mambo ambayo mzee wa kijijini anayajua: siku ya leo, jina la kiongozi wa kijiji, majina ya wanyama, na maneno ya kukumbuka. Badala ya kuchora kwa kalamu, mzee huombwa aige umbo lililopangwa kwa vijiti vya kiberiti. Hapo ndipo linapoonekana jambo la msingi: mpime mtu kwa maisha aliyoyaishi.

Pale ambapo hakuna nafasi ya kipimo chochote, maswali machache ya heshima hutosha kuanzia. Baada ya salamu, mhudumu anaweza kuuliza: "Mama, siku hizi kuna kazi za nyumbani zinazokuchukua muda mrefu kuliko zamani? Hutokea ukaingia chumbani ukasahau ulichofuata? Hesabu ya fedha inakusumbua?" Kisha, kwa ridhaa ya mgonjwa, aulizwe mtu anayeishi naye. Ridhaa ni sharti, kwani si kila anayemsindikiza mgonjwa anajua hali yake ya VVU.

Kabla ya kusema ni VVU

Si kila anayeishi na VVU na kusahau amedhuriwa na VVU. Jambo la kwanza ni kutazama kasi. Aliyebadilika kwa saa au siku chache, mwenye homa, maumivu makali ya kichwa, shingo kukakamaa, degedege, usingizi usio wa kawaida au kupooza upande mmoja, huyo ni mgonjwa wa dharura. Huenda ana homa ya uti wa mgongo ya fangasi aina ya kriptokoka, kifua kikuu cha ubongo, toksoplazma, malaria kali au kiharusi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asingojee tarehe yake ya kliniki.

Kwa aliyebadilika polepole, zipo sababu nyingine zinazotibika, nazo hutafutwa moja baada ya nyingine: sonona, ambayo huondoa umakini na kufanana sana na demensia, kaswende iliyofika katika ubongo, upungufu wa damu na wa vitamini B12, udhaifu wa tezi ya shingo, pombe, shinikizo la juu la damu na kisukari, pia masikio na macho yaliyofifia, maana asiyesikia swali hawezi kulijibu. Dawa nazo zitazamwe. Efavirenzi, iliyotumika kwa miaka mingi, huweza kuleta kizunguzungu, ndoto za kutisha na huzuni. Tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani limependekeza dolutegraviri kuwa chaguo la kwanza kwa makundi yote ya wagonjwa.

Tena tusisahau upande wa pili. Mtu mwenye umri wa miaka 60 au 70 anapoletwa kwa ajili ya kusahau, wengi wetu huona haya kumshauri kupima VVU, kana kwamba umri huo ni kinga. Aibu hiyo ni ya kwetu wahudumu, lakini gharama yake hulipwa na mgonjwa. Kipimo cha VVU na cha kaswende ni cha bei nafuu, nacho huweza kufunua sababu inayotibika ya hali iliyodhaniwa kuwa haina tiba.

Tiba iliyopo

Tiba ya msingi ya upungufu wa akili unaotokana na VVU ni dawa zile zile za kufubaza VVU, zikianzishwa mapema na kumezwa bila kukosa. Wagonjwa waliofuatiliwa mjini Kampala, matokeo yakachapishwa mwaka 2006, walionyesha nafuu katika vipimo vya akili ndani ya miezi sita tangu kuanza dawa. Si kila mmoja hurudia hali yake ya kwanza. Seli zilizokufa hazifufuki, na aliyechelewa sana hubaki na kovu. Lakini wengi husimama pale walipo, na baadhi husonga mbele. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linashauri kila anayegundulika kuwa na VVU aanzishiwe dawa bila kungoja CD4 kushuka, na ushauri huo, pamoja na faida zake nyingine, ni ulinzi wa ubongo.

Dawa za ziada zilizojaribiwa hazijaleta manufaa ya wazi. Antibiotiki iitwayo minosaiklini, kwa mfano, ilijaribiwa nchini Uganda kwa matumaini kwamba ingetuliza moto wa chini kwa chini, lakini matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 hayakuonyesha nafuu. Basi mgonjwa asipoteze fedha zake kwa vidonge na dawa za mitishamba zinazouzwa kwa jina la kuongeza akili. Fedha hizo zikidhibiti shinikizo la damu, zikalipia nauli ya kliniki na kununua chakula bora, zitaufaa ubongo zaidi.

Kwa mgonjwa mmoja mmoja ambaye anameza dawa vizuri, wingi wa virusi katika damu umeshuka, na bado akili yake inazidi kudhoofu, mpelekeni kwa daktari bingwa. Hutokea, ingawa ni nadra, virusi vikawa vimedhibitiwa katika damu huku vikiendelea kuzaliana katika maji ya uti wa mgongo, na mchanganyiko wa dawa ukahitaji kubadilishwa.

Je, ni VVU peke yao?

La. Virusi vya hapesi, vile vinavyoleta vidonda vidogo mdomoni, mara chache hupanda hadi katika ubongo na kushambulia sehemu zinazohifadhi kumbukumbu. Mgonjwa hupata homa, hubadilika tabia na kuzungumza mambo yasiyoeleweka, hata watu hudhani amepandwa na mashetani. Bila tiba, wagonjwa wapatao 7 kati ya 10 hufa; dawa ya asikloviri ya mshipani ikianza mapema, vifo hupungua sana, lakini wengi wanaopona hubaki na usahaulifu.

Surua nayo, baada ya mtoto kupona, huweza kubaki imejificha katika ubongo na kuibuka baada ya miaka sita hadi kumi: mwanafunzi aliyekuwa hodari huanza kushuka darasani, hudondosha vitu, hustuka-stuka, na hatimaye hupoteza akili na uhai. Ugonjwa huu ni nadra na hauna tiba ya kuuponya, lakini kinga yake ni chanjo ya surua na rubela, ambayo hapa Tanzania mtoto huipata akiwa na miezi 9 na miezi 18.

UVIKO-19 pia umetufundisha. Watafiti wa Uingereza waliwapiga picha za ubongo watu 785, kisha wakawapiga tena baada ya muda. Katika kipindi hicho 401 kati yao walikuwa wameambukizwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba ubongo wa walioambukizwa ulikuwa umesinyaa zaidi kidogo, hasa katika sehemu zinazohusiana na kunusa.

Ushahidi unaosisimua zaidi umetoka Wales. Huko, chanjo dhidi ya mkanda wa jeshi ilianza kutolewa Septemba 2013 kwa waliozaliwa tarehe 2 Septemba 1933 na baadaye. Waliozaliwa hata siku moja kabla hawakustahili. Hivyo yakapatikana makundi mawili ya wazee waliolingana karibu kwa kila kitu isipokuwa chanjo. Baada ya miaka saba, kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2025, waliochanjwa walipata demensia kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 20. Virusi vya mkanda wa jeshi ni vile vile vya tetekuwanga, ambavyo hujificha katika neva kwa maisha yote.

Matokeo haya yasitafsiriwe kupita kiasi. Hayasemi kwamba demensia ya uzeeni huambukiza. Mtu hawezi kuipata kwa kumwogesha mzazi wake wala kwa kula naye sahani moja. Wala hayasemi kwamba kila aliyeugua tetekuwanga au UVIKO-19 atapoteza akili. Walio wengi hawatapoteza. Yanasema kwamba maambukizi ni mojawapo ya mizigo inayobebeshwa ubongo katika safari ya maisha, na kwamba mizigo hiyo huweza kupunguzwa.

La kufanya leo

Kwa anayeishi na VVU: ukiona akili imekuwa nzito, mwambie mhudumu wako kama ambavyo ungemwambia kuhusu kikohozi. Funga dawa zako na tendo lisilosahaulika: chai ya asubuhi, adhana, taarifa ya habari, kengele ya simu. Tumia kikasha chenye vyumba vya siku za wiki, au vipange vidonge vya siku saba kila Jumapili ili uone mwenyewe kama umekosa.

Kwa jamaa: msimsahihishe mgonjwa mbele za watu, wala msimfanyie kila kitu. Mwachieni kazi anazoziweza, mpeni maelekezo moja moja, na awepo mtu mmoja anayeaminika, aliyechaguliwa na mgonjwa mwenyewe, wa kumkumbusha dawa. Wanaomtunza nao wapokezane, kwani mlezi aliyechoka huugua pia.

Kwa mhudumu: katika kila faili ambalo wingi wa virusi umepanda, liwepo swali moja la ziada kuhusu kumbukumbu. Mgonjwa akisema "nilisahau" kwa mara ya pili, tafadhali weka kalamu chini kabla ya kuandika neno "mzembe". Mtajie maneno manne, subiri dakika mbili, umwombe ayarudie.